Virusi vimeisha, mbona bado anasahau?

Mimi kazi yangu ni maabara. Kuna sampuli moja ambayo ikiletwa kila mtu pale anaacha alichokuwa anafanya, nayo ni maji ya uti wa mgongo, sababu mgonjwa kachomwa sindano mgongoni ili yapatikane, yanakuja kidogo tu chini ya kichupa, na yakimwagika huwezi kurudi wodini ukaomba mengine kirahisi. Ya mtu mzima mwenye afya yanakuwa maangavu, huoni kitu. Tunayaweka kwenye chemba ya kuhesabia, tunachungulia kwenye hadubini, tunaanza kuhesabu, na kitu ambacho ndugu za wagonjwa wengi hawakijui ni kwamba tunachohesabu pale sio virusi. Virusi kwa hadubini yetu ya kawaida havionekani kabisa. Tunahesabu chembe nyeupe, wale tunaowaita askari wa mwili. Kawaida mtu mzima anakuwa nazo chini ya 5 kwenye maikrolita moja ya hayo maji, sasa ukikuta 80, ukikuta 200, na nyingi ni limfosaiti, aina mojawapo ya hizo chembe nyeupe, unaanza kufikiria kirusi. Yaani tunajua kuna vita kwa kuwaona askari, adui mwenyewe hatumwoni.

Ila swali lililonifanya nianze kusoma haya mambo kwa undani halikutoka kazini, lilitoka nyumbani. Mdogo wangu wa kike aliumwa homa ya ubongo, akapoteza fahamu, degedege, tukakaa naye hospitali tukiwa hatujui kama ataamka, akaamka. Mungu mkubwa. Madaktari wakasema ni virusi, vimeshaisha, anaweza kurudi nyumbani. Akarudi, anakula, anacheka, anatembea mwenyewe, lakini ukimtuma dukani anafika dukani anasimama, hajui kaja kununua nini. Jiko la gesi anawasha anasahau. Jina la mtoto wa jirani analojua miaka yote linampotea. Mama akaniuliza, "Mwanangu, si walisema virusi vimeisha? Sasa mbona bado anasahau?"

Nikamwambia ngoja nisome mama, nitakujibu. Haya ninayoandika hapa ni kile nilichokuja kumjibu, nimekirefusha, sababu nimegundua swali lake wanaliuliza wengi.

Tuanze na fuvu, sababu bila fuvu huwezi kuelewa chochote. Ukiteguka kifundo cha mguu kinavimba, kinauma, wiki mbili tatu kimerudi, na kule kuvimba kwenyewe ni kinga yako inafanya kazi, damu inaongezeka pale, mishipa inaachia maji, askari wanapita kwenda kwenye jeraha. Mguu una nafasi ya kuvimba. Ubongo hauna. Una uzito wa kama kilo moja na gramu mia nne hivi na umefungiwa ndani ya mfupa ambao kwa mtu mzima hautanuki hata milimita, kwa hiyo ukivimba presha inapanda, damu inashindwa kuingia vizuri, na ikizidi ubongo unasukumwa kwenda chini ambako ndiko liliko shina lake linaloendesha upumuaji. Na tatizo la pili ni kwamba seli za neva zikifa, sehemu kubwa ya ubongo haina utaratibu wa kutengeneza nyingine. Ini likiliwa na kirusi linaweza kujijenga upya, ngozi inajijenga, utumbo unajijenga kila siku. Kwa ubongo, kila seli ambayo askari wanaiua ili kumaliza kirusi kilichojificha ndani yake ni hasara ya moja kwa moja.

Ndio maana ubongo umewekewa ulinzi wa namna yake. Mishipa ya damu ya ubongo imebana sana kuliko ya sehemu nyingine, vitu vingi vilivyomo kwenye damu havipiti, hata dawa nyingi zinagonga pale zinarudi. Kwa miaka mingi wanasayansi waliamini kinga haiingii ubongoni kabisa. Mwanasayansi Peter Medawar mwaka 1948 alipandikiza vipande vya ngozi ya sungura mmoja kwenye ubongo wa sungura mwingine na ngozi ile haikukataliwa kama inavyokataliwa ukiipandikiza sehemu nyingine, isipokuwa yule sungura awe ameshakutana na ngozi hiyo kabla. Watu wakashika ile nusu ya kwanza ya jibu, ya pili wakaisahau. Mpaka 2015 ndio timu ya Jonathan Kipnis pale Virginia na nyingine ya Helsinki wakaonyesha, kwa panya, mishipa ya limfu kwenye utando unaozunguka ubongo, kwamba kumbe ubongo unawasiliana na kinga ya mwili muda wote, ila kwa tahadhari.

Na ndani kabisa ubongo una askari wake wa kudumu, wanaitwa mikroglia. Aliyewatambua kuwa ni aina ya seli tofauti na zingine ni Mhispania Pío del Río Hortega mwaka 1919. Hawa wanaingia ubongoni wakati mtoto bado ni kiinitete, wanabaki humo. Kazi yao sio vita tu, na hapa naomba ukumbuke maana tutarudi: wakati mtoto anakua, mikroglia wanapita kwenye sinapsi, yaani zile sehemu seli moja ya neva inapokutana na nyingine kupeana taarifa, na wanazila zile ambazo hazihitajiki. Hiyo ni kazi nzuri kabisa, bila hiyo ubongo haukomai.

Sasa twende kwa panya, sababu ushahidi wa kwanza mzito kwamba kinga yenyewe inaweza kuua ubongo ulitoka kwa panya.

Miaka ya 1930 huko Marekani kulipatikana kirusi kinachoitwa LCMV, kinachoshambulia utando wa ubongo. Erich Traub, akiwa kwenye taasisi ya Rockefeller pale Princeton, akakuta kwenye panya wake wa maabara kuna ambao wanazaliwa nacho, kimejaa mwilini, wanaishi nacho maisha yao yote wakionekana wazima kabisa. Lakini ukichukua panya mkubwa ambaye hajawahi kukutana nacho, ukamchoma kirusi kilekile kwenye ubongo, kama wiki moja hivi anapata degedege anakufa. Kirusi ni kilekile! Tofauti ni nini? Aliyezaliwa nacho, kinga yake imekikubali kama sehemu ya mwili, haikishambulii. Mkubwa anakishambulia. Mwaka 1956 Wallace Rowe akawapiga panya mionzi ya kudhoofisha kinga, akawachoma kirusi, na wale waliodhoofishwa kinga ndio wakanusurika kifo. Soma tena hiyo sentensi maana mimi niliisoma mara nyingi: waliopunguziwa kinga ndio walioishi, huku kirusi kimejaa ubongoni.

Panya haohao ndio wakaleta Nobel. Miaka ya 1973 na 1974 pale Canberra, Australia, Peter Doherty, ambaye kwa taaluma ni daktari wa mifugo, na Rolf Zinkernagel kutoka Uswisi, walikuwa wanachukua maji yanayozunguka ubongo wa panya wenye LCMV, wanatoa seli T zilizomo, yaani aina ya askari wanaoua seli zenye kirusi, wanaziweka pamoja na seli zenye kirusi waone zinaua vipi. Kwangu mimi hii ilinigusa, sababu ni maji yaleyale ninayoyahesabu kila siku. Wakagundua seli T haiui seli yenye kirusi hivihivi, lazima itambue mambo mawili kwa wakati mmoja, kipande cha kirusi na alama ya mwili wenyewe iliyokishika hicho kipande. Tuzo wakapewa 1996. Leo chanjo, upandikizaji wa figo, tiba za kansa zinazotumia kinga, vyote vimenufaika na ugunduzi huo, ulioanza na swali la kwa nini panya mwenye homa ya ubongo anakufa.

Kuna sehemu ya mwisho ya hadithi ya LCMV ilichelewa mpaka 2009, timu ya Dorian McGavern walipotumia hadubini ya kisasa kuangalia ndani ya fuvu la panya akiwa hai. Walitegemea kuona seli T zinaua. Walichokuta ni kwamba seli T zilipofika zilitoa kemikali za kuita wenzao, monosaiti na nyutrofili, na hao walipojipenyeza kwa wingi kutoka kwenye mishipa ya damu waliitoboa ile mishipa, maji yakavuja, na panya akaanza degedege. Yaani aliyeua hakuwa kirusi, na kwa kiasi kikubwa hakuwa hata seli T mwenyewe. Ni msongamano wa walioitwa.

Mtu akisoma mpaka hapa anaweza kusema basi kinga ibaki nje, ubongo uachwe. Hapana. Njoo huku kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 1937, wilaya ya West Nile, kaskazini mwa Uganda, watafiti wa taasisi ya homa ya manjano ya Entebbe, hiyohiyo ambayo leo ni taasisi ya utafiti wa virusi ya Uganda, walichukua damu ya mama mmoja mwenye homa wakapata kirusi kipya. Wakakiita jina la wilaya. Kinakaa kwa ndege, kinasambazwa na mbu aina ya kyulexi, wale wanaozaliana kwenye maji machafu ya mitaro, na kwa muda mrefu kilionekana ni kirusi cha homa ndogo tu. Kisha kiangazi cha 1999 kikatokea New York, kunguru wanadondoka barabarani, wazee wanaingizwa hospitali wamechanganyikiwa na wengine mikono na miguu imelegea, watu 7 wakafa mwaka ule. Wengi wanaoambukizwa hawasikii chochote, kama mmoja kati ya watano anapata homa, na mmoja hivi kati ya 150 kinaingia ubongoni au kwenye uti wa mgongo. Katika hao, mmoja kati ya kumi anakufa.

Kwa kirusi hiki, panya wakinyimwa seli T wanakufa wengi zaidi. Wakinyimwa zile kemikali zinazowaita askari ubongoni, wanakufa wengi zaidi. Wakiondolewa mikroglia kwa dawa, kirusi kinazaliana bila breki wanakufa wengi zaidi. Hapa kinga ndiyo inayookoa, hakuna ubishi.

Na ushahidi kwa binadamu upo, tena umenifundisha kuliko yote. Kuna kipokezi kwenye uso wa seli za kinga kinaitwa CCR5, askari wanakitumia kufuata mwito kwenda kwenye maambukizi. Kipokezi hichohicho ndicho HIV inakitumia kama mlango wa kuingilia. Kuna Wazungu, kama mmoja kati ya mia, waliozaliwa na mabadiliko ya jeni, yale maelekezo ya kurithi yaliyomo kwenye seli, yanayofanya wasiwe nacho kabisa, na hao HIV ya kawaida haiwapati kirahisi, ndiyo maana wengi wa wale wagonjwa wachache duniani waliopona HIV kwa kupandikizwa uboho walipewa uboho wa watu wa aina hiyo. Kila mtu akasema hii ni bahati ya kuzaliwa nayo. Kisha 2006 utafiti wa Marekani ukaonyesha kwamba watu hao wasio na CCR5 wakipata kirusi cha West Nile wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua vibaya, sababu askari wao hawasikii mwito wa kwenda ubongoni. Jeni moja, mtu mmoja, kirusi hiki anapona nacho, kile kinammaliza. Sasa mtu akikuuliza huyo ana kinga nzuri au mbaya unamjibu nini?

Hapo sasa ndio tunafika kwenye swali la mama.

Wengi waliopona West Nile ya ubongoni wanabaki na shida ya kumbukumbu, uchovu, kushindwa kutulia kwenye jambo moja, miezi na hata miaka. Robyn Klein na wenzake pale St. Louis wakataka kujua kwa nini. Wakawaambukiza panya kirusi cha West Nile kilichodhoofishwa, panya wakakishinda, wakapona, kirusi kikaisha. Kisha wakawaweka kwenye ubao wenye mashimo mengi ambayo moja tu lina njia ya kutokea, panya mzima akifundishwa siku chache anaenda moja kwa moja kwenye shimo lenyewe. Waliopona homa ya ubongo wakawa wanahangaika, wanazunguka. Walipochunguza hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya, seli za neva zilikuwepo. Hazikufa. Kilichopungua ni sinapsi. Zilikuwa zimebandikwa alama za komplementi, zile protini za damu ambazo kazi yake ni kuweka alama kwenye kitu kinachotakiwa kuliwa, na mikroglia walikuwa wanazila. Ile kazi ya utotoni niliyosema uikumbuke, wameianza tena, kwa mtu mzima, kwenye sinapsi zenye kumbukumbu. Panya wasio na protini ya C3 ya komplementi walipoambukizwa, sinapsi zao zilibaki. Utafiti huo ulitoka 2016.

Miaka mitatu baadaye wakaongeza kipande kingine, kwa West Nile na kwa Zika pia, ambayo nayo ilitambuliwa Uganda kwa mara ya kwanza, 1947. Seli T zilizokuja kupigana hazikuondoka zote. Nyingine zilibaki ubongoni hata kirusi kilipokwisha, zinaendelea kutoa kemikali inaitwa interferoni gama, na hiyo ndiyo inayowaweka mikroglia kwenye hali ya vita. Walipotengeneza panya ambao mikroglia wao hawaisikii hiyo interferoni gama, panya wakashinda kirusi vizuri na kumbukumbu ikabaki.

Kwa hiyo nilimjibu mama hivi: virusi kweli vimeisha, hawakukudanganya. Ila walioitwa kuja kuvimaliza wengine hawajaondoka. Akakaa kimya kidogo akauliza, "Na wataondoka lini?" Sikuwa na tarehe ya kumpa, kwanza mdogo wangu hatukuwahi kujua ni kirusi gani hasa kilimpata, ila nikamwambia wengi wanaendelea kupata nafuu taratibu, kwamba ubongo unatengeneza sinapsi mpya, kwamba mazoezi ya kumbukumbu na usingizi na kutomkaripia anaposahau vina maana. Hilo la mwisho nililisema kwa nguvu maana mtaani walishaanza kusema kawa mvivu, wengine wanasema karogwa.

Sasa kuna ugonjwa mmoja ambao ni kinyume cha haya yote, na tunao hapa nyumbani, kichaa cha mbwa. Mbwa mwenye kirusi akikung'ata mguuni, kirusi kinaingia kwenye neva, kinapanda ndani ya neva taratibu mpaka ubongoni, mara nyingi miezi miwili mitatu, na njia nzima hakipigi kelele. Kina protini inayozima interferoni, ile ambayo seli ikiambukizwa inaitoa kuwaonya wenzake. Kinahakikisha seli ya neva haifi mapema. Na ule ukuta wa mishipa ya damu ya ubongo unabaki umefungwa, askari wapo kwenye damu, wengine wameshatengenezwa kabisa kwa ajili ya kirusi hicho, lakini hawaingii. Mgonjwa akifa, daktari akiupasua ubongo mara nyingi anakuta uharibifu mdogo kuliko alivyotegemea kwa ugonjwa unaoua karibu kila aliyeanza kuonyesha dalili. Watafiti wa Philadelphia walionyesha kwa panya kwamba ukuta ukifunguka kwa wakati, askari wakapita, panya anapona kutoka kwenye kirusi ambacho kwa kawaida kingemuua. Yaani kinga ileile iliyowaua panya wa LCMV, hapa kukosekana kwake ndiko kunakoua.

Ndio maana kwa kichaa cha mbwa kila kitu kinafanyika kabla kirusi hakijafika juu. Louis Pasteur tarehe 6 Julai 1885 alimchoma chanjo mtoto aliyeng'atwa, Joseph Meister, na mpaka leo kanuni ni ileile, kuiwahi neva. Ukiumwa na mbwa osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, usiweke mafuta ya taa wala majani wala kinyesi cha ng'ombe, nenda hospitali siku hiyohiyo ukapate chanjo, usisubiri kuona mbwa atakufa au la. Watu kama 59,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa ambao chanjo yake ina zaidi ya miaka mia. Na inawezekana, Pemba wameonyesha, walichanja mbwa kisiwa kizima, ugonjwa ukatoweka 2014, ukaingia tena 2016, wakarudia kampeni, ukatoweka tena 2018.

Niguse na herpesi kidogo. Kirusi hiki cha kawaida kabisa, kile cha vidonda vya mdomoni ambacho watu wengi sana duniani wanacho, mara chache kinaingia ubongoni na kabla ya dawa ya asikloviri kilikuwa kinaua wagonjwa kama saba kati ya kumi. Kwa nini huyu na sio yule? Jean-Laurent Casanova na timu yake pale Paris mwaka 2006 na 2007 waligundua watoto ambao kasoro yao ni moja tu, njia ya seli za ubongo kutambua kirusi na kutoa interferoni imekatika. Magonjwa mengine wanayamudu kama watoto wengine. Ni herpesi ya ubongo tu. Alafu kuna upande wa pili, baadhi ya waliopona wanarudi wiki chache baadaye, mtoto anachezesha mikono na mdomo bila kutaka, mtu mzima anabadilika tabia anaona vitu, na watu wanadhani kirusi kimerudi kumbe mwili umetengeneza kingamwili zinazoshambulia vipokezi vya seli za neva zenyewe. Wahispania waliofuatilia wagonjwa wa herpesi ya ubongo walikuta zaidi ya robo yao walipata shida hiyo. Na hao tiba yao ni kuituliza kinga. Mgonjwa yuleyule, mwezi wa kwanza anahitaji dawa ya kumuua kirusi, mwezi wa pili anahitaji dawa ya kumzuia askari.

Ndio maana nasema kwa dhati, hii lugha ya "kuongeza kinga" inayouzwa kila kona, kwenye stendi, kwenye magrupu ya WhatsApp, unga huu juisi ile vidonge vile, inanisumbua sana. Kinga sio kitu kimoja chenye kipimo cha kupanda na kushuka. Ni nani ameitwa, ameingia wapi, lini, na nani atamwambia sasa inatosha rudi. Lishe nzuri ni lazima, chanjo ni lazima, kulala ni lazima, hayo sipingi. Ila mtu anayekuambia ana dawa ya kupandisha kinga kwa mgonjwa aliyelala na homa ya ubongo, muulize anapandisha ipi kati ya hizo zote, halafu mpeleke mgonjwa hospitali haraka. Homa pamoja na kuchanganyikiwa, au shingo kukaza, au degedege kwa mtu ambaye hajawahi kuwa nayo, hiyo ni ya siku hiyohiyo.

Na mfano mzito kuliko yote wa kinga kurudi kwa kasi umefanyiwa utafiti hapa jirani. HIV inapoangusha kinga chini kabisa, kuna fangasi anaitwa kriptokokasi anaingia ubongoni, sio kirusi huyu lakini kirusi ndicho kilichomfungulia mlango, na ni mmoja wa wauaji wakubwa wa watu wenye HIV katika ukanda wetu. Swali lilikuwa, mgonjwa huyu hajawahi kutumia ARV, tumwanzishie lini? Akili ya kawaida inasema leo, kinga irudi haraka imsaidie. Watafiti wa Uganda, Afrika Kusini na Marekani wakalipima swali hilo kwa wagonjwa 177, wa Kampala, Mbarara na Cape Town, nusu wakaanzishiwa ARV ndani ya wiki moja au mbili, nusu wakasubiri kama wiki tano huku wanatibiwa fangasi kwanza. Bodi ya usalama ikasimamisha utafiti kabla ya muda. Matokeo yakatoka 2014: baada ya wiki 26, waliowahi ARV walikufa asilimia 45, waliosubiri asilimia 30.

Na waliokufa zaidi kwa kuwahishwa walikuwa ni wale ambao maji yao ya uti wa mgongo yalikuwa na chembe nyeupe chini ya 5. Hiyo namba, kwa mtu asiyejulikana ana tatizo, ningeiandika kwenye fomu kama kawaida. Kwa mgonjwa mwenye kriptokokasi maana yake ubongo umejaa fangasi na karibu hakuna askari aliyekuja, na inadhaniwa ARV zikianza ghafla wote wanafika kwa pamoja ndani ya fuvu ambalo halina nafasi.

Leo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema wasubiri wiki 4 mpaka 6 tangu waanze dawa za fangasi. Wapo ndugu wanaoona huko ni kuchelewesha, wanaona mgonjwa ananyimwa dawa, wengine wanaenda kutafuta ARV za mtu mwingine wampe kwa siri. Msifanye hivyo. Daktari akikuambia kwa ugonjwa huu tusubiri kidogo, kuna watu 177 nyuma ya hilo neno.